Tembe lilikuwa na stoo ngapi?

Mbukwenyi!

Kwa wasiojua, hiyo ni salamu ya Kigogo. Nimeanza nayo makusudi, maana leo nataka tuzungumze mambo ya Ugogo, na yote yameanzia kwenye uvungu wa kitanda changu.

Ni hivi. Nimehama. Sikwenda mbali, nimetoka upande mmoja wa Nzuguni nikahamia upande wa pili, ila nimetoka chumba na sebule nikaingia chumba kimoja (maisha ya uandishi mnayajua, tusiulizane). Kirikuu kilishusha kitanda, meza, ndoo nne, shangazi kaja tatu zilizotuna hadi zipu zinalia, na maboksi ya magazeti ya zamani ambayo moyo unakataa kuyatupa. Mama mwenye nyumba, Mgogo mtu mzima, alikuwa amekaa barazani anapeta uwele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya mazagazaga yote utayaweka wapi?"

"Hata sijui mama. Hapa hakuna stoo?"

Akacheka mpaka ungo ukamtoka mapajani. Stoo! Akaniambia uvungu upo, nyuma ya mlango papo, juu ya kabati papo. Bibi yake alizeekea kwenye tembe, hakujua stoo ni mdudu gani, na chakula cha nyumba nzima kilikaa humo humo na watu na ndama.

Basi usiku nimelala, maboksi yamenizunguka, nikawa najiuliza: hilo tembe lilikuwa na stoo ngapi?

Wengi wetu tulioletwa Dodoma na kazi au na UDOM tembe tumelisikia tu. Labda umeliona Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, ambako limejengwa pamoja na nyumba za makabila mengine. Ni nyumba fupi, ndefu kwa ubavu, imezunguka ua wa mraba. Kuta ni nguzo na fito zilizokandikwa udongo. Paa halina mgongo, limelala kama meza: magogo, fito, nyasi au matawi, halafu udongo juu. Nyumba ya namna hiyo ukiijenga Bukoba mvua itakurudishia tope kichwani kabla ya Krismasi. Lakini Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Paa la udongo linaweza kuvumilia.

Sasa angalia matumizi yake. Paa lile ni sakafu ya pili. Uwele na mtama ukivunwa unaanikwa juu, mbuzi hawafiki, na mwenye nyumba akisimama hapo anaona mbali nani anakuja. Chini yake, kwenye nguzo na boriti, vinaning'inizwa vibuyu vya mbegu, vya maziwa, vya samli. Moshi wa jikoni hauna dirisha la maana la kutokea, kwa hiyo unazunguka ndani, na wadudu wa nafaka hawaupendi. Wasafiri wa Kizungu waliopita huku karne ya 19 walilalamika sana kuhusu giza na moshi wa matembe. Kwao ilikuwa kero. Kwa mbegu za msimu ujao ilikuwa dawa.

Halafu kuna chumba cha ndani, na hapa ndipo pa kutulia kidogo. Huko ndiko vilikokaa vilindo, yale mapipa makubwa ya magome ya miti ya kutunzia nafaka. Kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya boma, shamba lake na akiba yake. Mgeni anaishia chumba cha nje. Hajui kama kilindo kimejaa hadi mdomoni au kimebaki cha wiki moja. Nadhani hiyo ndiyo siri kubwa ya stoo ya Kigogo. Nafasi ilipatikana, sawa, lakini kubwa zaidi ni kwamba mwenye nafasi ndiye aliyeamua nani aione.

Na sababu ya kuficha ilikuwepo. Ugogo ilikuwa njia kuu. Misafara ya biashara kati ya pwani na Tabora ilikatiza hapa, Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walitoa hongo kwa watemi na kununua chakula na maji. Unapoishi kando ya barabara ambayo watu mia kadhaa wenye njaa hupita kila baada ya muda, ukiwa na uwele unauza, na ukiwa na akili huonyeshi wote.

Kisha vikaja vita ambavyo havikubisha hodi. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma, na Waingereza wakaingia Dodoma mwezi Julai. Majeshi yote mawili yalikula. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kabla ya kuondoka, Waingereza wakaendelea walipoishia wenzao, na juu yake wakachukua wanaume kwenda kuwa wapagazi wa vita, yaani ile mikono ambayo ingelima. Mvua nazo zikakata. Njaa ya mwaka 1917 mpaka 1920 Wagogo wanaiita Mtunya, jina linalofasiriwa kuwa ni kinyang'anyiro. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya 150,000 waliokuwepo. Rudia kusoma hiyo namba polepole. Mtu mmoja kwa kila watano.

Shuleni mimi nilisoma Vita ya Kwanza ya Dunia kwa kukariri Sarajevo na Versailles. Hakuna mwalimu aliyenitajia Mtunya, na shule ilikuwa hapa hapa kanda ya kati. Wenye kilindo tupu mwaka 1918 hawakuwa wavivu wala hawakukosa maarifa ya kuhifadhi. Nyumba ilikuwa na pa kuweka kila kitu, tatizo ni kwamba aliyekuja safari hii alikuwa na bunduki, na chumba cha ndani hakikumzuia.

Tuvuke miaka 50.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino na kushika matope kufyatua matofali na wananchi. Ikulu ya Chamwino ina mizizi yake huko. Watu wakahamishwa kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika wakaletwa kwenye vijiji vya ujamaa, na nyumba bora ikawa ni ya tofali na bati. Sitaki kuingia kwenye ule ubishi wetu wa kila siku kama ujamaa ulikuwa mzuri au mbaya, tutakesha. Shule, zahanati na maji vilikuwa vitu vya kweli, na mama zetu waliozaliwa miaka ile ni ushahidi unaotembea.

Lakini fikiria kama mwenye vilindo. Nyumba mpya ina vyumba viwili au vitatu, kuta zimenyooka, paa limeinama. Juu ya bati huwezi kuanika uwele, unateleza wote. Chini ya bati saa nane mchana ni tanuri. Jiko limetoka nje, kwa hiyo moshi haupo tena ndani. Kilindo kikubwa mlangoni hakipiti, na kikipita kitakaa wapi kama si chumba cha kulala au sebuleni ambako balozi na mgeni yeyote anakiona? Paa, boriti, moshi, chumba cha siri, vyote vilikuwa stoo, na vyote viliondoka kwa mkupuo mmoja bila mtu kuviandika kwenye hesabu ya hasara, kwa sababu kwenye ramani ya tembe hakuna chumba kilichoandikwa "stoo". Wapimaji waliona nyumba ya udongo. Hawakuiona ghala.

Zigo likaongezwa na mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dumuzi, kidudu kutoka Amerika ya Kati, alionekana Tabora na kuanza kusambaa nchini. Watu wakambatiza "Scania". Dumuzi anapenda mahindi na mihogo mikavu, na akikosa anatoboa hata mbao. Mahindi ya kuning'iniza na magunzi yake, mtindo wa babu, yakawa karamu yake. Ikabidi kupukuchua, kuchanganya na dawa ya unga, kutia kwenye magunia. Na gunia nalo linahitaji mahali.

Ndipo uvungu ulipopanda cheo.

Mnakumbuka (au wazazi wenu wanakumbuka) uhaba wa miaka ile baada ya Vita vya Kagera. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, khanga, vyote kwa foleni, na mtu anaacha jiwe limshikie nafasi. Ukipata mche wa sabuni leo hujui kesho, kwa hiyo unaweka. Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Ikatungwa sheria maalumu na mahakama yake. Maduka, maghala na nyumba zikapekuliwa. Walanguzi wa kweli walikuwepo, wenye bidhaa zimejaa hadi darini huku watoto wa wenzao wanaoga kwa majani ya mpapai, na Watanzania wengi mpaka leo wanamlilia Sokoine kwa ule ujasiri. Alikufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 pale Dakawa, akitoka huku huku Dodoma.

Ila woga hauchagui. Watu walitupa mali usiku, wakaacha bidhaa barabarani, kwa kuwa hakuna aliyejua hasa akiba ya nyumbani inaishia wapi na ulanguzi unaanzia wapi. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa binti wakati huo. Anasema mama yake alikuwa na miche sita ya sabuni. Sita tu! Ikatolewa uvunguni ikaingia kwenye pipa la pumba, ikatolewa kwenye pumba ikafukiwa chini ya kuni, mwisho ikagawiwa kwa majirani, mmoja mmoja. "Tulifua nguo mtaa mzima siku ile," anasema, na anacheka, lakini si kile kicheko cha stoo.

Kwa hiyo nilipokuwa nasukuma maboksi uvunguni nilijiona mgeni kwenye kazi ya zamani sana. Nzuguni ya leo ina stendi kuu ya mabasi, ina Soko la Job Ndugai, na tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 vyumba vya kupanga vinaota kama uyoga. Kila Agosti kwenye viwanja vya Nane Nane, hapa hapa kwetu, tunaonyeshwa vihenge vya bati na mifuko isiyopitisha hewa, na ni vitu vizuri, mfuko ule dumuzi anafia humo kwa kukosa pumzi. Lakini mafundi wanaojenga vyumba vyetu hawajawahi kufika kwenye banda hilo, nawaapia. Chumba cha mita tatu kwa tatu, silingi bodi juu, na kati ya silingi na bati kuna nafasi ya kutosha familia nzima ya popo. Huko ndiko bibi yake mama angeweka vibuyu.

Wapwani ndio walikuwa na hesabu nyingine. Kwenye nyumba za mawe za Lamu ukuta wenyewe ulichongwa zidaka, visanduku vya chokaa vya kuwekea vyombo vya kauri, na lengo ni mgeni aone na ahusudu. Huku bara tulijenga ili mgeni asione. Sijui nani alikuwa sahihi zaidi. Pwani hawakupitiwa na Mtunya.

Mimi nimeshapanga. Magazeti uvunguni, ndoo moja ndani ya nyingine, nguo za baridi kwenye shangazi kaja juu ya kabati, fimbo nyuma ya mlango kwa ushauri wa mama. Bado boksi moja limenishinda, linakaa katikati kama mgeni asiyeaga.

Jana jioni nilimkuta mama tena na ungo wake. Uwele uliopetwa ulikuwa umeshaondoka barazani, na mimi nyumba hiyo nimeizunguka yote, sioni pipa, sioni gunia. Nikamuuliza kwa heshima zote, mama, ule uwele wenyewe unaweka wapi?

Akaniangalia muda mrefu.

"Wewe si mwandishi wa habari wewe?"

"Ndiyo mama."

"Basi kanywe chai."