Chuo, Chama na Binti wa Ghuba ya Speke

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Kauli hiyo ni nadra kutajwa panapozungumzwa historia ya elimu ya wasichana, ingawa hapo ndipo ilipothibitika zaidi. Chuo kina paa, karakana na walimu. Chama kina kisichopatikana chuoni: kinamjua binti kwa jina, kinapajua kwao, na kinaijua sababu iliyomtoa skuli. Kila kimoja kikisimama peke yake, binti hupotea katikati.

Watu wa visiwani hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Kabla Skuli ya Serikali ya Wasichana haijafunguliwa Unguja mwaka 1927, malezi ya mwari yalikuwa tayari mikononi mwa masomo na makungwi, na wanawake walikuwa na vyama vyao vya ngoma, lelemama ikiwemo. Upande wa bara, Girl Guides waliingia Tanganyika mwaka 1928, lakini vikundi vyao vilikaa zaidi ndani ya kuta za skuli. Aliyeiacha skuli aliliacha na kundi. Pengo hilo lilidumu miaka mingi.

Guta ni kata ya Bunda, mkoani Mara, ukingoni mwa Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria. Maisha ya mtumbwi na wavu yanayojulikana Pemba na Unguja hayangekuwa mageni huko. Katika miambao ya namna hiyo, binti aliyekatiza masomo huwa na njia chache mbele yake: kuanika dagaa, kuolewa mapema, au kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Lakini ndani ya Bunda hiyohiyo kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, na asili ya vyuo vya aina hiyo ni ya mbali.

Fikra zake ni za Mdenmaki Grundtvig, aliyetaka mwanakijiji asome bila ya kuogopeshwa na mtihani. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Denmark mwaka 1844, na Sweden ikafuata mwaka 1868. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, alikwisha kuandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa msaada wa Sweden, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanzishwa Tanzania Bara mwaka 1975. Mwanakijiji alitarajiwa aje ajifunze, kisha arudi kwao na ujuzi.

Shabaha ilikuwa njema, lakini lango lililo wazi halimwiti mtu. Mama kijana mwenye mtoto mgongoni angemwacha wapi mwanawe wakati wa somo? Na nani angemwendea nyumbani kumwambia kuwa nafasi ipo? Jawabu lilipatikana vyuo vilipoungana na asasi. Shirika la Karibu Tanzania, maarufu kwa kifupi cha KTO, likishirikiana na vyuo hivyo, ambavyo leo ni 54, lilianzisha mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa wasichana waliokatiza masomo. Hata jina lake lina historia katika Kanda ya Ziwa, kwani katika miaka ya 1970 lilibebwa na gazeti la vijijini lililochapishwa Mwanza. Masomo ya sekondari yakaunganishwa na ufundi na stadi za maisha, na vyuoni pakatengwa mahali pa kulelea watoto. Mpango mwengine, Mpira Fursa, ukawakusanya wasichana wa vyuo na wa skuli za msingi za jirani kwa kandanda.

Uzito wa ushirikiano huo ulidhihirika baada ya mwezi wa Juni 2017, Rais John Magufuli alipotamka kuwa wanafunzi waliojifungua wasirejee skuli za serikali. Kwa mabinti wengi, lango la chuo likawa ndilo lililobaki. Mwezi wa Novemba 2021 serikali iliwaruhusu kurejea. Hata hivyo, aliyepitwa na umri wa darasani bado anaihitaji njia ile ya pili.

Historia hii inafunza kuwa ushirikiano hauishi kwa kutia saini. Chama kikiitwa siku ya ufunguzi tu, kisha kikasahauliwa, chuo hurudia upweke wake; na chama kikiwahamasisha mabinti bila ya kuwa na pa kuwapeleka, huwaachia matumaini matupu. Chuo ni chombo, chama ni kasia. Mvuvi wa Guta na wa Kojani wote wanajua kuwa chombo kisicho kasia huenda kunakotaka upepo.