Ardhioevu si mita sitini

Kwa watu wa viwanja Dar es Salaam, sheria nzima ya mazingira imefupishwa kuwa maneno mawili: mita sitini. "Hiki kiko nje ya mita sitini," dalali atasema, na mnunuzi atashusha pumzi. Mauziano yatasainiwa mbele ya serikali ya mtaa, muhuri utagongwa, lori la kifusi litaitwa. Huenda dalali hajadanganya. Kipimo kipo kweli: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, au bwawa la maji. Ila kifungu hicho hakiitaji ardhioevu. Hiyo imewekewa kifungu chake, cha 56, kinachompa waziri uwezo wa kuitangaza kuwa eneo la hifadhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo imevitenganisha vitu hivi viwili. Katika orodha ya maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, ardhioevu imeandikwa kwenye mstari mmoja, na mita 60 za kando ya mto kwenye mstari mwingine.

Kwa hiyo kiwanja kinaweza kuwa nje ya mita sitini na bado kikawa ndani ya ardhioevu. Jambo hili halieleweki mpaka istilahi yenyewe ieleweke.

Oevu ni hali ya kitu kilicholowa. Neno linahusiana na kitenzi lowa, ambacho wengine hutamka rowa, na limeundwa kama legevu kutoka legea au potevu kutoka potea. Waliounda istilahi hii walichagua vizuri, maana hawakusema ardhi yenye maji. Walisema ardhi iliyolowa, na kitu kinaweza kuwa kimelowa bila wewe kuona tone. Maneno ya zamani hayana upana huo. Kinamasi ni mahali mguu unapozama. Tindiga ni karibu na hapohapo. Kenya utakutana na chemichemi, lakini kwa wasemaji wengi chemchemi ni pale maji yanapobubujika kutoka ardhini, nayo ni sehemu ndogo tu ya habari. Bonde, neno linalopendwa na magazeti ya Dar es Salaam yanapowataja "wakazi wa mabondeni", linaeleza umbo la nchi na kunyamaza kuhusu maji. Kuna mabonde makavu, na kuna ardhioevu iliyo tambarare kabisa.

Mkataba wa kimataifa uliosainiwa katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, unaitandaza maana zaidi ya hapo. Ardhioevu inaweza kuwa ya asili au ya kutengenezwa na watu, ya kudumu au ya msimu, ya maji yaliyotuama au yanayotiririka, matamu au ya chumvi. Hata bahari imo, mradi kina chake wakati wa maji kupwa hakizidi mita 6. Kwa maana hiyo mikoko ya Rufiji ni ardhioevu, na majaruba ya mpunga ni ardhioevu. Tanzania ina maeneo manne kwenye orodha ya mkataba huo: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Haya yanajulikana. Yanayoleta kesi ni yale madogo ya mjini, yasiyo na jina wala kibao.

Neno zito kuliko yote katika fasili hiyo ni msimu. Viwanja vingi huoneshwa kiangazi, njia ikipitika na nyasi zikiwa zimekauka. Ila udongo una kumbukumbu. Chimba kwa jembe hadi magotini: udongo uliokaa majini miezi mingi hukosa hewa, rangi yake hugeuka kijivu, na ndani yake huonekana mabaka ya kutu pale mizizi ilipopenyeza hewa kidogo. Angalia pia kinachoota. Matete na mafunjo hayajiotei mahali pakavu, na mtu aliyeyafyeka wiki moja kabla ya kukuleta anajua anachoficha.

Udongo huo hufanya kazi ya sifongo: mvua ikinyesha hunywa, kisha huyaachia maji polepole. Kifusi hakiondoi maji hayo, kinayasukuma tu. Wa kwanza akiinua kiwanja chake kwa tani za kifusi, maji yake yanahamia kwa jirani, jirani naye anaita lori, na baada ya miaka michache mtaa mzima umepanda isipokuwa nyumba ya yule asiye na pesa za kifusi. Ndiyo maana kanuni za ardhioevu hazimhusu mwenye kiwanja peke yake, ingawa wengi huzisoma kama adhabu dhidi yake.

Mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander, umeonesha mara nyingi kwamba maji hayafuati mita sitini. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa bonde lake walihamishiwa eneo la Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X kwenye kuta za nyumba za bondeni, na bomoabomoa ikafuata. Hoja iliyosikika sana ilikuwa mita sitini. Lakini simama Jangwani, ndani ya bonde hilo, uangalie upana wake: mita sitini kutoka ukingo wa mto zinaweza kukuacha katikati ya njia ya mafuriko. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa hapo ilifurika mara kadhaa, na haikuwa ya mtu aliyejenga usiku kwa kujificha. Mradi wa sasa wa kuliendeleza bonde hilo, wenye mkopo wa Benki ya Dunia, umeanzia mahali bora kwa maoni yangu. Unalitazama bonde zima na kulipa fidia, badala ya kutembea na futi kamba kando ya mto.

Nchi jirani zimepima kwa namna nyingine. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 zinaweka ukanda usiojengwa wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mito, kipimo kinachoonekana kidogo, lakini zinaanza kuhesabu kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Anayepima kutoka kwenye maji ya kiangazi na anayepima kutoka kwenye alama ya gharika hawafiki mahali pamoja. Mwaka 2018 ukanda huo uliangusha majengo makubwa ya biashara jijini Nairobi, South End Mall na Ukay Centre. Uganda imekwenda mbali zaidi, kwani katiba ya mwaka 1995 inasema serikali inazishikilia ardhioevu kwa niaba ya wananchi wote. Huko swali la umbali huja baadaye. La kwanza ni kama ardhi hiyo ilikuwa ya kuuzwa.

Ukanda kama ule wa Kenya bado hauna jina lililotulia kwa Kiswahili. Utasikia eneo la akiba, eneo la kinga, ukanda wa hifadhi. Mimi naona ukanda wa kinga unatosha, kwa sababu hifadhi kwetu imeshachukuliwa na wanyama na askari wa wanyamapori. Jina lolote litakaloshinda lazima liambatane na neno "kutoka". Ukanda wa mita 30 kutoka wapi? Ardhioevu haina ukingo kama mto. Mpaka wake hupatikana kwa kusoma udongo na mimea, kazi ya mtaalamu wa mazingira kabla mpima ardhi hajasimika bikoni.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, hata tahajia imekuwa na uzito. Wapo wanaoandika "ardhi oevu", maneno mawili. Yakitengana, ni maelezo tu, na wakili mwerevu atamuuliza shahidi kama kiwanja cha mteja wake kilikuwa oevu siku alipokikagua, mwezi wa Septemba. Likiandikwa neno moja, ardhioevu ni aina ya ardhi, nayo ni ardhioevu mwezi wa Septemba kama ilivyo mwezi wa Aprili.