Bunduki mpya: mambo ya kufanya kabla ya risasi ya kwanza

Mkulima anayelinda shamba dhidi ya nguruwe pori, au mwindaji mwenye kibali, huweza kusubiri leseni ya bunduki kwa muda mrefu. Siku inapofika mkononi, hamu ya kusikia inavyolia huwa kubwa. Lakini bunduki mpya haitoki dukani ikiwa tayari kupigwa. Mtutu unaweza kuwa na grisi, skrubu zinaweza kuwa zimelegea, na darubini bado haielekei pale risasi inapokwenda. Kosa la siku ya kwanza linaweza kupasua mtutu karibu na uso wako au kumpiga mtu ambaye hukumwona.

Makala hii inahusu bunduki ya kuwindia inayotumia risasi yenye kichwa kimoja, si shotigani ya marisawa.

Leseni na mahali pa kupigia

Tanzania, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote kuwili leseni ni lazima. Kuwa na leseni hakukupi ruhusa ya kujaribu bunduki nyuma ya nyumba. Risasi ya bunduki ya kuwindia inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, yaani ikavuka shamba lako, la jirani, na kufika barabarani. Uliza kituo cha polisi au aliyekuuzia ni uwanja gani wa shabaha unaoruhusiwa. Uwanja mzuri una tuta refu la udongo nyuma ya shabaha na msimamizi ambaye amri yake inafuatwa na wote.

Hakikisha haina risasi

Hata kama imetoka kwenye boksi, ichukulie kuwa ina risasi. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama na weka kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini, vuta bolti nyuma, kisha tazama ndani ya chemba na uiguse kwa ncha ya kidole. Usiku macho hudanganya, kidole hakidanganyi. Risasi zote ziwe chumba kingine wakati unasafisha.

Safisha mtutu

Viwanda hupaka mafuta au grisi ndani ya mtutu ili usishike kutu safarini na stoo. Grisi nyingi ikibaki humo, risasi hukosa nafasi ya kupita vizuri na nguvu ya baruti hupanda kupita kiasi.

Toa bolti. Chukua ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilicholowa dawa ya kusafishia bunduki, uusukume kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni. Rudia kwa vitambaa vikavu mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie kutoka nyuma, bolti ikiwa nje. Unatakiwa kuona duara kamili la mwanga. Kipande cha kitambaa, matope, au kiota cha nyigu kwa bunduki iliyokaa muda, vyote vinatosha kupasua mtutu.

Angalia pia skrubu zinazoshika mtutu kwenye kitako na zile zinazoshika darubini. Kaza zilizolegea, lakini usizikaze kwa nguvu za kukata nyuzi.

Risasi ifanane na maandishi ya mtutu

Jina la risasi inayotumika limechongwa kwenye mtutu au karibu na chemba. Jina hilo lote, si nusu yake, lifanane na lililo kwenye boksi na kwenye kitako cha ganda la risasi. Kwa mfano, .308 Winchester na .30-06 zote zina kichwa chenye kipenyo cha milimita 7.82. Lakini ganda la .308 lina urefu wa milimita 51, na la .30-06 lina milimita 63. Ni risasi mbili tofauti. Kuingia kwenye chemba si ushahidi kwamba ndiyo yenyewe. Kama maandishi hayasomeki, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.

Uwanjani: anza karibu

Beba miwani ya kukinga macho na kinga ya masikio. Mlio wa bunduki ya aina hii hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa mlio mmoja tu. Jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma ya darubini, la sivyo bunduki ikirudi nyuma itakupasua juu ya jicho.

Usianzie mbali. Weka karatasi kubwa ya shabaha kwenye mita 25, egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, kisha piga risasi 3 ukilenga pale pale. Usirekebishe darubini kwa risasi moja. Tafuta katikati ya matundu matatu, kisha geuza darubini kuyasogeza kuelekea ulipolenga. Kwa darubini nyingi, kila mlio mdogo wa kitufe husogeza risasi takribani milimita 7 kwenye mita 100. Kwenye mita 25 husogeza robo ya hapo, chini kidogo ya milimita 2. Kwa hiyo ukikosea kwa sentimita 4 kwenye mita 25, utahitaji kama milio 20.

Ikikaa sawa, nenda mita 100 urudie. Acha mtutu upoe kati ya mafungu, kwa sababu ukipata moto sana matundu huanza kutawanyika.

Ikigoma au ikilia vibaya

Ukivuta kifyatulio na risasi isilipuke, usifungue bolti haraka. Shika bunduki ikielekea kwenye shabaha na uhesabu angalau sekunde 30, kwa kuwa baruti huweza kuchelewa kushika moto.

Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu. Risasi nyingine ikifuata nyuma yake, mtutu utapasuka. Toa risasi zote, chungulia mtutu kutoka nyuma, na kama hauonyeshi mwanga, mpelekee fundi.

Kabla ya kwenda porini

Hakikisha bunduki haina risasi kabla ya kutoka uwanjani. Nyumbani, isafishe, ifungie kwa kufuli, na risasi ziwe mahali pengine penye kufuli ambapo watoto hawafiki.

Andika kwenye daftari aina ya risasi uliyotumia na mahali zilipopiga. Ukibadili risasi, hata ya jina lile lile kutoka kiwanda kingine, rudi uwanjani upime tena. Bunduki ambayo matundu yake hayajakaa pamoja kwenye karatasi haijawa tayari kwa mnyama. Nguruwe pori au nyati aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani anakuwa hatari kwa jirani atakayepita hapo kesho yake asubuhi.