Jua, Kazi na Mifupa ya Mtu Mzima

Natumaini kila mmoja ana daftari lake, na mwalimu amekwisha andika ubaoni maneno matatu: jua, mfupa, vitamini. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mifupa ya watu wa kazi.

Kwanza tufahamu jambo moja. Mfupa hupata ugumu wake kutokana na madini yaitwayo kalsiamu, yaliyomo katika maziwa na dagaa. Lakini tumbo haliwezi kuyachukua madini hayo vizuri bila ya vitamini D. Na vitamini hii haimo katika vyakula vingi. Sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi yetu wenyewe, inapopigwa na jua. Basi mtu akikosa jua kwa muda mrefu, na chakula chake kisimsaidie, mifupa hulainika. Mtoto hupata matege. Mtu mzima huumwa nyonga, mgongo na mapaja. Hushindwa kupanda ngazi, na hutembea akiyumba kama bata. Huo ndio ugonjwa wa mifupa laini.

Sasa twendeni Uingereza. Mwaka 1650 daktari Francis Glisson alitoa kitabu juu ya matege ya watoto. Baadaye, katika karne ya 19, viwanda viliongezeka. Watu waliacha mashamba wakaenda mijini kutafuta mshahara. Waliingia kiwandani kabla ya mapambazuko, wakatoka jua limekwisha kuchwa. Wengine walishuka chini ya ardhi kuchimba makaa ya mawe. Nyumba zao zilibanana katika vichochoro vyembamba, na moshi wa makaa ulitanda juu ya mji kama blanketi. Hata siku ya mapumziko jua halikuwafikia sawasawa. Tena katika nchi zile, wakati wa baridi jua huwa dhaifu mno, ngozi haiwezi kufanya kazi yake.

Walioumia zaidi ni wanawake. Msichana aliyepata matege utotoni alikua na nyonga iliyopinda. Alipofika siku ya kujifungua, njia ya mtoto ilikuwa nyembamba. Wengi walikufa, wao au watoto wao. Ndivyo mshahara wa mjini ulivyolipiwa kwa mifupa.

Je, nani alitambua sababu? Mwaka 1822 daktari wa Poland, Jędrzej Śniadecki, aliona kwamba watoto wa mji wa Warsaw waliugua kuliko wa vijijini, akashauri waotwe jua. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari aliyepata kufanya kazi Japani, alilinganisha nchi mbalimbali, akaona kwamba ugonjwa hufuata moshi na giza. Wengi hawakuwasikiliza. Hata mwaka 1919, huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto kwa taa yenye mwanga kama wa jua. Mwaka huo huo Edward Mellanby, Mwingereza, alionyesha kwa mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia matege. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani akaipa vitamini hiyo herufi D.

Wakati huo mji wa Vienna ulikuwa katika njaa, baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Watu wazima wengi walilainika mifupa. Bibi Harriette Chick na wenzake walifanya kazi huko, wakathibitisha kwa watoto kwamba jua au mafuta ya samaki, kila kimoja chaweza kuponya.

Msidhani kwamba ni maradhi ya nchi za baridi tu. Huko Kashmir, daktari Kathleen Vaughan aliona kwamba wanawake wa tawa, waliofungiwa ndani, mifupa yao ililainika na uzazi wao ulikuwa wa taabu. Wake wa mabaharia wa mtoni na wa wakulima, waliofanya kazi nje, hawakupata taabu hiyo ijapokuwa walikuwa maskini. Aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1928. Na katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali, madaktari wa siku hizi wamekuta upungufu kwa watu wengi, kwa kuwa joto na kazi huwaweka ndani.

Na sisi je? Mwaka 2012 watafiti walitoa habari za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, ambao hushinda nje. Damu yao ilikuwa na vitamini D ya kutosha kabisa. Lakini ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Basi Mwafrika anayefanya kazi usiku na kulala mchana, au anayeshinda kiwandani, au anayehamia Ulaya, asijidanganye. Wala kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakufai, kwani kioo huuzuia mwanga ule unaotakiwa.

Ndugu msikilizaji, jua halina bei, lakini kazi yaweza kukunyima. Ukiumwa mifupa kwa muda mrefu, usiseme ni uzee tu. Nenda kwa daktari, ukamweleze na kazi unayofanya.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini wafanyakazi wa viwanda walikosa jua?
2. Kwa nini wake wa mabaharia wa Kashmir walisalimika?
3. Katika mtaa wenu, ni kazi gani humnyima mtu jua?

Kwaherini, hadi somo lijalo.