Mto Rungwa na Zebaki ya Dhahabu

Pori la Akiba Rungwa, lililoanzishwa mwaka 1951, linagawa maji pande mbili. Mto Kizigo unakwenda mashariki hadi Bwawa la Mtera. Mto Rungwa unakwenda magharibi hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Uchafu mzito unaoingia humo hauna pa kwenda.

Ukitoka Rungwa kwa barabara ya Chunya utafika machimbo ya Lupa, ambayo maji yake nayo huishia Rukwa. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1922, na miaka ya 1930 wachimbaji walifurika kuchekecha mchanga wa vijito. Hadi leo wachimbaji wadogo hutumia zebaki kushika chembe za dhahabu. Inayomwagika hutulia kwenye tope, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo hujikusanya katika samaki na kumfikia mlaji. Mama mjamzito na mtoto wake ndio huumia zaidi.

Kijito kilichoharibiwa na uchimbaji hutibiwa kwa subira. Marudio, yaani mabaki ya mchanga uliochenjuliwa, huondolewa ukingoni, mashimo hufukiwa, udongo wa juu hurudishwa mwisho. Kisha hupandwa matete ya kunasa tope na mikuyu ya kushika kingo. Tope lenye zebaki halichimbuliwi ovyo, maana likitibuliwa husafiri mbali zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukiona karasha (mashine ya kusaga mawe) au mwalo wa kuchenjulia dhahabu ndani ya eneo hilo, tafadhali toa taarifa ofisi ya kijiji.