Kioo cha nyuma cha pikapu kinavuja? Kagua haya kabla ya kununua kingine

Mvua imenyesha usiku, asubuhi unakuta mgongo wa kiti cha pikapu umelowa na zulia linanuka. Fundi wa kwanza unayemuuliza anakwambia kioo kimechoka, katafute kingine. Subiri kwanza. Kioo kinaweza kuwa kizima kabisa, na tatizo likawa ni uchafu wa kutoa kwa waya ndani ya dakika kumi.

Tunazungumzia kile kioo cha nyuma cha kusukuma. Vipande vya pembeni havisogei, cha katikati (au viwili vya katikati) kinateleza kwenye reli ili hewa ipite. Baadhi ya Toyota Hilux, Nissan Hardbody na Mitsubishi L200 za miaka ya 1980 na 1990 zilikuja nacho. Zilizobaki barabarani zimepigwa na jua la miaka mingi, na raba huanza kuchoka kabla ya kioo.

Sio maji tu, kuna moshi

Hili wengi hawalijui. Pikapu ikiwa kwenye mwendo, hewa iliyo nyuma ya kebini huzunguka na kurudi mbele. Kioo cha nyuma kikiwa wazi au kikiwa na upenyo, hewa hiyo inaweza kuingia na moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa ghafla. Mkizisikia mkiwa safarini, simamisheni gari, zimeni injini, tokeni nje mpate hewa na tafuteni huduma ya afya. Kama ekzosi ya gari lako imetoboka, usiendeshe kioo cha nyuma kikiwa wazi, na usiuache upenyo huo "mpaka mwisho wa mwezi".

Tafuta maji yanapoingilia

Unahitaji watu wawili, bomba la bustani na tochi ya simu. Mmoja anakaa ndani, kiti kikiwa kimelazwa mbele ili bati la nyuma lionekane. Mwingine anamwaga maji taratibu kutoka nje, bila presha.

Anza chini ya kioo, kaa hapo dakika mbili tatu, kisha panda pembeni, malizia juu. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi.

Angalia sehemu hizi tano:

- Kati ya raba na bodi. Maji yanatokea pembezoni mwa kioo, hasa kwenye kona za chini.
- Kati ya raba na kioo. Raba imekauka, imepasuka au imejikunja.
- Reli ya chini. Maji yanajaa kama kwenye bakuli halafu yanamwagikia ndani.
- Vipande vinapokutana. Ule mpira mwembamba au ukanda wa manyoya umelika.
- Juu ya kioo. Kama kuna taa ya breki juu, au maungio ya paa yamefunguka, maji yanaingilia huko na kushukia kwenye kioo. Hapo utabadilisha kioo mara tatu na bado utalowa.

Matengenezo yasiyohitaji kioo kipya

*Reli iliyoziba.* Chini ya fremu kuna matundu madogo ya kutolea maji nje. Vumbi, majani na mchanga huyaziba. Ondoa uchafu kwa mswaki wa zamani, zibua matundu kwa waya laini, kisha mimina kikombe kimoja cha maji kwenye reli. Yakitoka nje haraka, umemaliza.

*Kioo kigumu kusogea.* Usikilazimishe. Safisha reli, acha ikauke, halafu puliza spreyi ya silikoni kidogo. Usitumie grisi wala oili ya injini. Hizo hukamata vumbi na kugeuka tope, na oili huharibu raba.

*Loki iliyovunjika.* Loki nyingi ni za plastiki na huchoka mapema. Hii ni ya haraka, kwa sababu kioo kisichofunga ni mlango wa mwizi. Loki huuzwa peke yake au hutolewa kwenye kioo cha mtumba. Wakati unaitafuta, kata kijiti kinachoenea ndani ya reli ili kioo kisisogee. Usimruhusu mtu atoboe kioo kufunga komeo. Kitapasuka chote.

*Raba iliyokufa.* Kama kioo ni kizima, nunua raba peke yake na uifunge upya kwenye kioo hichohicho.

Kwa nini hakizibwi kama cha mbele

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, ndiyo maana ufa mdogo unaweza kuzibwa. Cha nyuma kwa kawaida ni kioo kimoja kilichokomazwa kwa joto kiwandani. Kikivunjika kinasambaratika vipande vidogo vidogo, na hakikatwi wala kutobolewa baada ya kutoka kiwandani. Kwa hiyo anayekwambia atakipunguza kiingie kwenye gari lako, muage.

Kikishavunjika, vaa glavu na miwani, nyonya vipande kwenye reli na nyuma ya kiti, kisha ziba kwa nailoni ngumu na gundi ya karatasi. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi, sio ya kuishi nayo.

Kununua: una njia tatu

1. Fremu nzima ya mtumba. Gerezani, Dar es Salaam, ni sehemu mojawapo ya kuanzia. Nenda na namba ya chesisi na picha za gari lako. Kebini ya milango miwili na ya milango minne zinaweza kutofautiana hata kama jina la gari ni moja. Pima urefu, upana na mkunjo wa kona. Fungua na ufunge kioo hapohapo dukani, angalia loki, na kagua kona za fremu kama hazijapinda.
2. Kipande kimoja tu. Kama kimevunjika cha katikati peke yake, fundi anaweza kufungua fremu na kuingiza kingine, ilimradi unene na mkunjo vinalingana.
3. Kioo kisichofunguka. Pikapu nyingi ziliuzwa kwa aina zote mbili zikiwa na uwazi uleule wa bodi. Unapoteza hewa, lakini unaondoa reli, loki na mianya yake. Kama huwa hukifungui, njia hii ina mantiki zaidi.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Vioo vingi vya zamani hushikwa na raba yenye mifereji miwili: mmoja unakamata kioo au fremu, mwingine unakamata ukingo wa bati. Ili kukitoa, fundi huinua mdomo wa raba kutoka ndani na kusukuma taratibu, huku mwenzake akipokea nje.

Kisha inakuja hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka: kutu. Ukingo wa bati lazima usafishwe mpaka bati zuri, upigwe msasa, praima na rangi, uachwe ukauke. Raba mpya juu ya kutu itavuja tena, na gari linaloishi karibu na bahari halitakupa muda mrefu.

Kurudisha kunahitaji kamba. Raba inavishwa kwenye fremu, kamba nyembamba ya nailoni inalazwa ndani ya mfereji wa bati, ncha zikipishana chini katikati. Inapakwa maji ya sabuni, kioo kinawekwa kutoka nje. Mmoja anakandamiza kwa viganja, aliye ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa raba unaruka juu ya bati kidogo kidogo. Bisibisi ikiingia hapa, raba inachanika.

Kama kioo chako kimegandishwa kwa gundi badala ya raba, mpe fundi wa vioo mwenye gundi maalumu ya magari. Baada ya hapo usioshe gari kwa presha mpaka muda ulioandikwa kwenye gundi upite. Acha vioo vya milango wazi kidogo pia. Ukibamiza mlango kebini ikiwa imefungwa, hewa ya ndani inakisukuma kioo kabla gundi haijakamata.

Ile silikoni ya dirishani

Ndiyo dawa ya kwanza ya mtaani: paka silikoni pembeni, maisha yanaendelea. Shida ni kwamba ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati. Pili, mabaki yake hufanya gundi sahihi isishike baadaye. Maji pia yanaweza kunaswa chini yake, ukaona pakavu kumbe kutu inakula kimyakimya.

Kabla hujalipa

Mwombe fundi mrudie jaribio la maji mkiwa wote wawili, wewe ukiwa ndani na tochi. Fungua na ufunge kioo mara kadhaa. Pitisha kidole kwenye mdomo wa raba kuuzunguka wote. Usikute sehemu iliyokunjwa ndani. Inua zulia nyuma ya kiti na ulikaushe juani, maana unyevu ukibaki pale chini, sakafu itaoza hata kama kioo hakivuji tena.

Fanya hivi kabla ya masika ya Machi. Mawingu yakishatanda, kwa fundi wa vioo kunakuwa na foleni.