Cairo mbili ndani ya Firefox moja

Kama umewahi kukompaili programu kubwa ya C unaijua ile "undefined reference". Kompaila imemaliza salama, umeshaanza kutabasamu, halafu linka inakutapikia mistari mia. Matusi yote huishia kwa linka. Mimi nasema inaonewa, na ushahidi wangu ni Firefox.

Cairo ni maktaba ya kuchora. Ilianzishwa na Keith Packard na Carl Worth, mwanzoni ikiitwa Xr, na toleo la 1.0 likatoka Agosti 2005. Mwezi huohuo ikatoka GTK+ 2.8 ikiitumia. Mozilla nao wakaichukua: Firefox 3, iliyotoka Juni 2008, ilichora kurasa zake kupitia cairo. Lakini hawakutaka kutegemea ile ya mfumo. Walibeba nakala yao, yenye viraka vyao, ili Windows, Mac na Linux zichore kwa kodi moja.

Sasa ona mtego. Kwenye Linux, Firefox hutumia GTK+ kwa madirisha na menyu, na GTK+ huja na libcairo ya mfumo. Basi brauza ikiwa inaendeshwa kuna cairo mbili kwenye kumbukumbu, na kila moja ina fankisheni iitwayo cairo_create. C haina namna ya kusema "cairo_create ya nani". Majina yote ya nje yanakaa uwanja mmoja (kiwango cha 1989 kiliruhusu linka isome herufi 6 za mwanzo tu, hebu fikiria!). Programu inapoanza, jina hutafutwa maktaba baada ya maktaba, na la kwanza kupatikana ndilo linalochukuliwa. Hakuna onyo. GTK+ inaweza kuita cairo yake ikaangukia ile ya Firefox, ya toleo jingine, yenye data iliyopangwa tofauti. Brauza inakufa, mtumiaji analaumu ukurasa aliokuwa anasoma.

Dawa ya Mozilla haina urembo: faili liitwalo cairo-rename.h, lililojaa #define. cairo_create inageuka _moz_cairo_create, cairo_destroy inageuka _moz_cairo_destroy, na kuendelea. Pixman nayo ikafanyiwa vivyo hivyo.

Hapo ndipo linka inaanza kupiga kelele. Kipande kimoja cha kodi kikisoma cairo-rename.h na kingine kisisome, utaletewa "undefined reference to _moz_cairo_create". Inaudhi, lakini unajua pa kuanzia. Ukisahau kuandika fankisheni moja kwenye orodha ile, linka haitasema neno.

Ukishuku mgongano wa namna hii, endesha nm -D kwa kila maktaba, utafute jina lako. U maana yake maktaba inalihitaji, T maana yake inalo. Ukiona T kwenye maktaba mbili, anzia hapo.